Siku Niliyomwambia Baba Mdogo Arudi Karema

Jumapili, saa kumi jioni. Mpanda.

Mvua imeanza saa sita mchana na haijakatika. Imetulia tu juu ya bati, kama mgeni aliyeamua kulala. Nimesogeza kiti dirishani, simu iko mapajani, na madaftari ya wanafunzi yako mezani hayajaguswa.

Blogu hii imekaa kimya tangu Septemba. Walioniuliza niliwajibu kwamba nimefiwa na baba, na ni kweli. Ila msiba peke yake usingenizuia kuandika. Kila nilipoanza, nilijikuta naandika habari iliyokatwa katikati, ile ile niliyowaambia ndugu zangu.

Jana niliisema yote kwa mtu aliyestahili kuisikia. Leo naiandika.

Baba yangu alikuwa mkulima Kasokola. Alizaliwa Karema, ziwani, lakini alihama akiwa kijana kwa sababu hakuyaweza maji. Mwenyewe alisema kila akipanda mtumbwi anatapika mpaka samaki wanamcheka. Aliyebaki na nyavu ni mdogo wake, Kalisto, ambaye mimi namwita baba mdogo. Kwa mama yao walizaliwa wawili tu, shangazi zangu ni wa mama mwingine. Kila mwaka baada ya mavuno mmoja alimfuata mwenzake: ama baba anakwenda Karema na mahindi, ama baba mdogo anakuja Kasokola na samaki wakavu wa ziwani, migebuka. Mwaka huu walichelewa. Huyu alikuwa anatengeneza mtumbwi, yule anasema mwezi ujao.

Mimi ni mtoto wa kwanza, na ninafundisha baiolojia sekondari hapa mjini. Kwenye ukoo wetu hilo linatosha kunifanya daktari. Karatasi yoyote ya hospitali inaletwa kwangu, dawa yoyote inasomwa na mimi, na nikisema jambo kuhusu mwili hakuna anayebisha. Nikiri hapa kwamba nimekuwa nikipenda hali hiyo.

Baba alianza kuumwa tumbo siku ya Jumatatu. Alimwambia mdogo wangu Joakimu, anayeishi naye, kwamba ni gesi, itapita. Akanywa maji ya moto na tangawizi. Jumanne akatapika mchana kutwa, tumbo likajaa na kukaza. Jumatano asubuhi Joakimu alimpakia kwenye pikipiki, akamfunga kwake kwa kitenge ili asianguke, wakaja hospitali. Nilipofika nilimkuta baba amelala ubavu, magoti yamekunjwa, jasho jembamba usoni. Hakulalamika. Aliniuliza kama nimeaga kazini.

Daktari wa upasuaji alikuwa kijana, pengine umri wangu. Alimpapasa tumbo, akatazama kovu la zamani upande wa kulia, pale baba alipokatwa kidole tumbo miaka mingi iliyopita, kisha akanivuta pembeni.

"Mwalimu, nadhani kovu la ndani limejifunga kama kamba. Utumbo umepita chini yake ukajisokota. Damu haipiti vizuri. Tukichelewa zaidi, utakufa wote."

Nikatia sahihi.

Tulikaa kwenye benchi mimi na Joakimu. Ndipo aliponiambia kwamba asubuhi ile alimpigia baba mdogo, na baba mdogo hakuuliza mara mbili. Aliacha mtumbwi juu ya magogo na kupanda gari la kwanza linalokuja Mpanda.

Saa tisa, Joakimu akiwa ameenda kutafuta chai, daktari alitoka, kofia bado kichwani. Hayo aliyosema nayakumbuka neno kwa neno, na hapo ndipo penye kosa langu, kwa hiyo nayaandika kama alivyoyasema.

"Kulikuwa na kipande cheusi, kimeshakufa, tumekikata. Kipande kingine kirefu kilikuwa cha zambarau. Tulipoufungua ule msokoto tukakifunika kwa vitambaa vya maji ya uvuguvugu, tukasubiri. Rangi imerudi, na kinacheza. Tumekiacha."

Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili. Hakuutoa mkono wake, lakini aliendelea.

"Nisikilize. Kile kipande kilikaa muda mrefu bila damu. Damu ikirudi sehemu kama ile, wakati mwingine inaumiza kuliko mwanzo. Hizi siku mbili ndizo ninazoziogopa. Msiwaambie watu bado kwamba amepona."

Nikaitikia kwa kichwa.

Halafu nikatoka uani nikampigia baba mdogo.

Alikuwa ameshafika karibu nusu ya njia. Gari lilikuwa limesimama, wanabadilisha tairi, nilisikia vyuma vikigongana.

"Baba mdogo, shikamoo. Operesheni imekwenda vizuri. Walikata kidogo tu, damu imerudi kwenye utumbo. Usijisumbue, rudi tu ukamalizie mtumbwi wako. Akipata nguvu mtaongea kwenye simu."

"Una uhakika, mwanangu?"

"Mimi ndiye mwalimu wa baiolojia, baba mdogo. Damu ikirudi, seli zinapona."

Alicheka. Kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Akasema basi atapanda gari linalorudi, ila ule mfuko wa migebuka atampa dereva aulete, maana kaka yake akiamka atautaka. Akamshukuru Mungu mara tatu, akanishukuru na mimi.

Joakimu nikamwambia baba yu salama, arudi Kasokola akapumzike. Niliwapigia na wengine. Mashangazi, majirani wa Kasokola, mkuu wangu wa shule. Kila niliyempigia alishangilia, na kila aliposhangilia nilizidi kuamini. Sikudanganya neno hata moja. Nilichukua nusu ya kwanza ya maneno ya daktari nikawagawia watu, nusu ya pili nikabaki nayo.

Kwa nini? Nimejiuliza sana. Nilikuwa nimechoka kuogopa, hilo ni moja. Lakini pia ni tamu kuwa mtu anayeleta habari njema. Nilitaka niwe mimi.

Alhamisi asubuhi nilipita stendi nikachukua mfuko wa migebuka, nikaenda nao moja kwa moja wodini. Baba alikuwa macho. Midomo imekauka, sauti ndogo, lakini akili yake timamu. Nilipoweka mfuko chini ya kitanda alifumbua macho yote.

"Hiyo harufu," alisema. "Kalisto amefika?"

Ningeweza kumwambia: nimemrudisha, baba, nilijua umepona. Lakini alikuwa anautazama mlango.

"Yuko njiani," nikasema. "Ametanguliza mzigo."

"Haya. Nitamsubiri."

Saa nne pumzi yake ilikuwa imeanza kuwa ya haraka haraka. Saa sita tumbo lilikuwa limejaa tena, na mfuko wa mkojo una kiasi kidogo cha rangi ya chai. Muuguzi alibadilisha dripu, akamwita daktari, daktari akaja akaongeza dawa, akarudi tena baada ya nusu saa bila kuitwa. Presha ilikuwa inashuka. Walizungumza kumrudisha chumba cha upasuaji wakatazame tena, wakasema hawezi kustahimili dawa ya usingizi. Walizungumza kumpeleka hospitali kubwa, wakasema hawezi kustahimili njia.

Nilikuwa na simu mkononi tangu saa sita ile. Kama ningempigia baba mdogo saa sita, kwa gari la mchana au hata pikipiki, jioni angekuwa amefika. Niliitafuta namba yake, nikaitazama, nikaizima simu. Nilijiambia nisubiri kidogo, dawa itafanya kazi, kisha nitampigia nikiwa na jambo zuri la kumwambia. Saa nane nikafanya hivyo tena. Na saa kumi.

Jioni baba aliniuliza mara moja zaidi kwa macho, akiutazama mlango. Nikamwambia, "Anakaribia."

Alifariki Ijumaa kabla ya saa mbili asubuhi.

Baba mdogo aliwahi mazishi tu. Alishuka kwenye gari akiwa na nguo zile zile za kazi, akasimama pembeni ya kaburi, akatupa udongo wake, hakulia mbele ya watu. Wote waliniuliza ilikuwaje, mbona tuliambiwa amepona. Niliwajibu kwamba hali ilibadilika ghafla. Shangazi mmoja akasema kwa sauti kwamba hospitali wamekosea, na wengi wakaitikia. Sikukanusha. Nilimwacha daktari yule abebe lawama ambayo haikuwa yake.

Wiki mbili baada ya mazishi nilienda kumwona yule daktari. Nilidhani nakwenda kuuliza. Nikifikiri sasa, nadhani nilikwenda nikitumaini kwamba atakiri kosa fulani, ili langu lipungue. Alinikaribisha kiti, akachukua karatasi na kalamu, akanieleza kama mtu anayemweleza mwenzake.

Ukuta wa ndani wa utumbo, alisema, una seli zilizopangwa juu ya vidole vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Seli hizo zinakula oksijeni nyingi. Damu ikikatika zinaishiwa nguvu: haziwezi tena kusukuma chumvi nje, zinavimba, uchafu wake wa ndani unarundikana. Zilizo kwenye ncha za vile vidole ndizo zinazotangulia kufa, kwa sababu ndizo zilizo mbali zaidi na damu.

Hayo nilikuwa nayajua, au karibu.

Ambalo sikulijua ni hili. Seli iliyokaa bila oksijeni inakuwa imeharibika mitambo yake. Oksijeni ikiingia ghafla, haishughulikiwi kama inavyotakiwa. Inageuka kuwa kemikali kali zinazochana ngozi ya seli kutoka ndani. Chembe nyeupe za damu nazo zinafika kwa wingi zikidhani kuna adui, zinashambulia, zinaziba mishipa midogo. Mishipa inavuja. Ule ukuta uliokuwa unazuia vijidudu vya utumboni unafunguka, na sumu yao inasafiri na damu ile ile iliyorudi mpaka kwenye mapafu, figo, moyo.

"Kwa hiyo ungeuacha utumbo bila damu?" nilimuuliza.

"Hapana. Bila damu angekufa siku ile ile. Damu lazima irudi. Ila kurudi kwake nako ni hatari, na hakuna anayejua mapema kwa nani."

Akaendelea. Chini kabisa, kwenye mashimo madogo katikati ya vile vidole, kuna seli changa ambazo mara nyingi hubaki hai. Hizo ndizo zinazoujenga upya ukuta. Mtu akivuka siku chache za mwanzo, zinapanda juu, zinafunika palipochunika, na utumbo unapona. Huenda za baba zilikuwa zimeshaanza kazi. Hakuna namna ya kujua. Mwili wote haukuzipa muda.

Alikunja ile karatasi akanipa. Mlangoni nikamwomba msamaha. Aliuliza wa nini, nikamwambia watu wanasema alikosea, na mimi niliwaacha waseme. Akasema, "Sasa unaweza kuwaambia."

Imenichukua mwezi mzima na zaidi kuanza.

Baba mdogo alikuja Alhamisi hii ili tujengee kaburi kabla mvua hazijashika. Jana asubuhi yeye na Joakimu walichanganya saruji, mimi nikaleta maji. Walipomaliza, Joakimu alirudi shambani, nasi tukabaki kibarazani kwa baba tukimenya maharage, ungo katikati yetu. Alikuwa anazungumza habari za mtumbwi wake. Katikati ya sentensi yake nikasema:

"Baba mdogo, nilikudanganya."

Akaacha kumenya.

Nilimwambia yote kwa mfuatano. Alichosema daktari na nilichokiacha. Ile simu mkononi saa sita, saa nane, saa kumi. Na kwamba daktari hakukosea.

Nilipofika mwisho akasema, "Hiyo damu. Nieleze tena polepole. Ilirudi, halafu yenyewe ndiyo ikamuumiza?"

Nikamweleza bila maneno ya darasani. Alisikiliza akitazama mikono yake.

"Tuliwahi kumtoa mtu majini," akasema. "Alizama, tukamvuta, akatapika maji, akakaa, akaongea na sisi. Tukashangilia sana. Kesho yake akafa kitandani kwake, pumzi imembana. Sikuwahi kuelewa." Akatikisa kichwa. "Kwa hiyo mwili unaweza kuokolewa na bado ukawa haujaokoka."

"Ndiyo, baba mdogo."

"Alikuwa anaongea, siku ile ya Alhamisi?"

"Aliongea."

"Alisema nini?"

Hili ndilo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata Joakimu. Nilitaka kuliacha hapo. Nilishika ganda la haragwe nikalivunja vipande vipande.

"Alisikia harufu ya samaki wako. Akauliza kama umefika. Nikamwambia uko njiani. Akasema atakusubiri."

Baba mdogo aliinuka. Alizunguka nyuma ya nyumba akakaa huko muda mrefu. Nilisikia maji yakimwagwa kutoka kwenye ndoo. Aliporudi uso wake ulikuwa umelowa na macho mekundu, akakaa pale pale, akavuta ungo.

"Kwa hiyo alinisubiri," alisema.

"Alikusubiri."

"Na mimi nilikuwa nimelala nyumbani kwangu, nimeshiba, nashukuru Mungu."

Nikaendelea kumenya.

"Sitakwambia kwamba hili limekwisha, mwanangu. Halijaisha. Nitakuwa nalo." Alimenya maharage mawili, matatu. "Lakini kuanzia leo, ukiambiwa jambo na daktari, niambie lote. Na lile baya. Nina nywele nyeupe, naweza kulibeba. Usinichagulie."

"Sitakuchagulia tena, baba mdogo."

Tukamaliza ungo mzima. Baadaye Joakimu aliporudi nikamweleza naye. Alikasirika zaidi ya baba mdogo. Aliondoka bila kula, na leo hajapokea simu yangu. Ana haki. Shangazi zangu bado. Nitaanza nao wiki hii, mmoja mmoja, na nitaanza na yule aliyesema kwamba hospitali walikosea.

Leo asubuhi nilimsindikiza baba mdogo stendi. Nilimwomba asubiri mpaka kesho, mawingu yalikuwa mazito upande wa ziwani, akasema mtumbwi hauna mtu. Akapanda, akakaa dirishani.

"Nikifika nitakupigia," alisema. "Nikikwama pia nitakupigia."

Amekwama. Alipiga saa nane. Maji yamevuka barabara, gari limezama kwenye tope mpaka nusu ya gurudumu, abiria wameshuka wamejikinga chini ya turubai. Sauti ilikatika kabla hajamaliza.

Saa tisa na nusu akapiga mke wake kutoka Karema. Huko hawana mvua. Alikuwa ameshatenga chakula.

"Mwalimu, huyu mzee mbona kimya? Atafika leo?"

Jibu lilikuja lenyewe mdomoni, lile la zamani: usiwe na wasiwasi mama mdogo, atafika tu. Lilikuwa tayari. Nikalimeza.

"Sijui, mama mdogo. Wamekwama kwenye tope, maji yamejaa barabarani. Saa nane alikuwa mzima, tuliongea. Tangu hapo simu yake haipatikani. Sijui kama watavuka leo."

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akitwanga.

"Haya," akasema. "Asante kwa kuniambia. Basi tungoje wote."

Mvua bado inanyesha. Nimejaribu namba yake mara sita. Sijui yuko wapi sasa hivi, na sijamwambia mtu yeyote kwamba atafika salama.